Asidi hafifu siyo asidi kidogo

Kimya changu ni cha testi tu, si kingine. Leo naleta ya maabara, maana nusura tupike data.

Grupu letu tuko wanne. Kazi ilikuwa kupima sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M inayotosha kumaliza sentimita za ujazo 25 za asidi haidrokloriki ya 0.1 M, halafu kurudia kwa asidi ya siki ya 0.1 M. Ya kwanza ikala 25.10. Ya pili 25.00. Jamaa mmoja ambaye tayari ana sapu mbili, akiongeza ya tatu anachungulia disko, akashtuka. "Oya, siki ni asidi hafifu bwana, haiwezi kula sawa na kali. Tuandike 12." Wawili wakaunga mkono! Na ripoti inatakiwa saa kumi jioni.

Nikagoma kusaini. Siyo ulokole jamani, ni hesabu. Ka ya siki ni 1.8 × 10⁻⁵, kwa hiyo kwenye 0.1 M molekuli kama 13 tu kati ya 1000 ndizo zimeachia haidrojeni. Ndo maana pH yake ni 2.9 hivi wakati ile kali ni 1. Hapo jamaa yuko sawa. Lakini zile 987 hazijafa, zimekaa ndani tu.

Nikamwambia, chukua hosteli mbili zenye watu 1000 kila moja. Ya kwanza wote wako nje getini. Ya pili wako nje 13. Wengine wanatoka, wengine wanarudi, idadi iko pale pale. Ndiyo msawazo wenyewe huo. Sasa leta daladala ibebe hao 13. Wanatoka wengine. Beba tena, wanatoka tena. Mpaka hosteli iwe tupu utahitaji viti 1000 vile vile. Le Chatelier alishaeleza jambo hili tangu 1884.

(Na hafifu siyo salama, jamani. Asidi haidrofluoriki ni hafifu lakini inakula kioo, na ikipenya ngozi inafuata kalisiamu ya mwilini.)

Kilichommaliza kabisa ni kiashiria. Siki ikishamalizwa na besi, pH inasimama karibu 8.7, siyo 7, ndo maana tulipewa fenofthalini. Methili oranji inamaliza kubadilika kwenye 4.4, wakati asidi iliyoliwa haijafika hata theluthi. Kwa hiyo angetumia hiyo angepata namba ndogo kweli, tena chini ya hiyo 12 yake, na ingekuwa ya uongo.

Akanyamaza. Saa kumi kasoro dakika tano akasaini, wa mwisho. Tumepeleka 25.00 kama ilivyo. Maksi zinatoka Jumatatu, na keshaniambia zikiwa mbovu chipsi mayai za grupu zima ni juu yangu.