Mtani wa Msiba Wake Mwenyewe

Siku ya tatu ya msiba wa baba, nyumbani Songea, mtani wetu Mhehe alitokea uani amevaa koti la marehemu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa amepitiliza hadi chumbani, akalitungua msumarini, akavaa na ile kofia ya sufu, kisha akatoka akitembea kama baba: bega la kushoto limeshuka, mkono mmoja mgongoni, kikohozi kila baada ya hatua tatu. Akaketi kwenye kiti cha baba. Akaagiza chai, akaionja, akalalamika kwa sauti ya baba kwamba mke wake anamnyima sukari ili afe upesi arithi mbuzi.

Mama alikuwa mkekani tangu mazishi, hajatamka neno. Nilimwona anauma pindo la kanga, mabega yanatikisika. Nikainuka nimshike, nikidhani kazidiwa. Kumbe anacheka. Alicheka, na wanawake waliomzunguka wakacheka, na katikati ya kicheko kile kilio kikafumuka, kilio chenyewe hasa, kilichokuwa kimemkwama kifuani siku tatu nzima.

Miezi kadhaa baadaye niliitazama filamu ya maisha ya Joan Rivers, mchekeshaji wa Marekani, ile iliyotoka mwaka 2010, na mtani wetu akanirudia akilini. Tangu hapo siwezi kuwatenganisha.

Joan alizaliwa Brooklyn mwaka 1933, binti wa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Alihangaika miaka mingi kwenye vilabu vidogo vya New York hadi Februari 17, 1965, alipokaribishwa kwenye kipindi cha usiku cha Johnny Carson. Usiku mmoja ule ulimfungulia njia. Mambo ambayo wanawake waliyanong'ona jikoni, yeye aliyasema mbele ya nchi nzima: ndoa, uzazi, uzee, mwili unaolegea, hofu ya kutopendwa. Kufikia mwaka 1983 alikuwa ndiye anayeshika rasmi kiti cha Carson kila alipokuwa mapumzikoni.

Mwaka 1986 kituo kipya cha Fox kilimpa kipindi chake mwenyewe, cha kushindana na kile cha Carson. Kabla yake, hakuna mwanamke aliyewahi kupewa kipindi cha aina hiyo cha usiku kwenye mtandao mkubwa wa televisheni Marekani. Carson alizipata habari kabla hajaambiwa na Joan mwenyewe. Kwa simulizi ya Joan, alimpigia simu, Carson akaikata. Akapiga tena, akaikata tena. Hawakuzungumza tena mpaka Carson alipofariki Januari 2005.

Hapa ndipo ninapokaa sana. Mtu akifa tunajua la kufanya. Tunatandika mikeka, tunachangishana, tunakesha. Urafiki ukifa hakuna anayetandika mkeka. Hakuna tanga, hakuna arobaini, hakuna wa kukupa pole. Joan alibeba msiba wa Carson karibu miaka 20 kabla Carson hajafa, na mlango wa kipindi kile ukabaki umefungwa kwake hata baada ya mwenyewe kustaafu mwaka 1992.

Kisha ukaja msiba mwingine. Mumewe, Edgar Rosenberg, ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa kipindi cha Fox, na wakubwa wa kituo hawakuelewana naye. Walitaka aondoke. Joan alikataa kumtosa mumewe, na Mei 1987 wote wawili wakaondolewa. Agosti mwaka uleule, Edgar alijiua hotelini Philadelphia. Binti yao, Melissa, alikuwa na miaka 19.

Joan alisimulia mara nyingi jinsi yeye na Melissa walivyotoka kula baada ya msiba ule, wamekaa kimya, hakuna anayejua aanzie wapi. Akafungua orodha ya vyakula. Akaona bei. Akamwambia bintiye kwamba baba angekuwa hai akaziona bei hizi, angejiua upya. Melissa akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu kifo kile, akacheka.

Wapo wanaosikia kisa hiki wakaona mwanamke asiye na moyo. Mimi naona koti la baba. Naona mtu anayeingia mahali ambapo wote wanaogopa hata kulitaja jina la marehemu, akalitaja kwa sauti, na pumzi ikarudi kwa walio hai. Tofauti ni kwamba sisi tuna watani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na kutokana na vita vile tumepata watu ambao kazi yao ni kuja kututania tukiwa tumevunjika. Mfiwa hatakiwi kujichekesha mwenyewe. Joan hakuwa na mtani. Ilimbidi awe mfiwa na mtani kwa wakati mmoja, na naamini kazi ile ilimchosha kuliko alivyokiri.

Kazi zilimkauka baada ya kifo cha Edgar. Alirudi polepole; mwaka 1989 akapata kipindi cha mchana, na mwaka 1990 kikampatia tuzo ya Emmy. Lakini katika ile filamu, akiwa na zaidi ya miaka 70, anafunua kitabu chake cha ratiba na kuonyesha kurasa nyeupe zisizo na miadi. Hiyo, anasema, ndiyo hofu yake. Na kuna makabati ya chuma yenye droo ndogondogo kama za maktaba, kila droo imejaa kadi, kila kadi ina kichekesho kilichopigwa taipu, zimepangwa kwa mada. Anavuta droo moja, anachomoa kadi, anaisoma, anairudisha mahali pake pale pale. Mikono yake kwenye zile kadi ilinigusa kuliko neno lolote alilosema.

Sitayatetea yote. Miaka mingi aliicheka miili ya wanawake wenzake, na Agosti 2014 alisema kuhusu raia waliouawa Gaza maneno ambayo hayana utani ndani yake. Mtani anajua mipaka. Anamtania anayeweza kumjibu kesho, na msiba wake ukifika naye hutaniwa. Aliye chini ya kifusi hawezi kujibu. Pale Joan alikosea, na kosa lile ni zito kwangu.

Februari 17, 2014, miaka 49 kamili tangu usiku ule wa kwanza, Jimmy Fallon alianza kukiongoza kile kipindi cha zamani cha Carson, na Joan akaonekana kwenye skrini yake kwa muda mfupi. Machi akaalikwa akakaa kitini na kuzungumza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa zaidi ya robo karne.

Usiku wa Agosti 27, 2014 alichekesha watu katika ukumbi mdogo wa Laurie Beechman, Manhattan. Alikuwa na miaka 81. Kesho yake aliacha kupumua akiwa anachunguzwa koo kliniki, na Septemba 4 akafariki.

Zile kadi, zaidi ya 65,000, Melissa amezitoa kwa Kituo cha Taifa cha Uchekeshaji mjini Jamestown, jimbo la New York, watu wazisome. Koti la baba mama alimwachia mtani. Kila akija Songea huja amelivaa, na mama humwekea chai isiyo na sukari.