Dawa ya Ijumaa, na swali la mjomba

Nilipotea kwa sababu ya ule mfumo wa kuhesabu bidhaa za stoo niliowaahidi kuueleza. Umekamilika, mteja anautumia, na nitauandika siku yake. Leo naandika kuhusu kinywaji tulichotaka kuusherehekea nacho, mimi na wenzangu wawili, hapa nyumbani Fedha.

Kinywaji chenyewe kinaitwa dawa. Si ile ya moto ya tangawizi unayopewa ukiwa na mafua, ingawa hiyo nayo itaingia kwenye habari hii. Nasema ile ya vodka, ndimu, asali na barafu, iliyopata umaarufu Carnivore kule Lang'ata, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1980. Ni ndugu wa caipirinha ya Wabrazili. Wao hutumia cachaça, pombe kali ya miwa, pamoja na sukari. Huku tuna vodka na asali, na kijiti cha kupondea ambacho hubaki ndani ya glasi.

Kuitengeneza ni rahisi, lakini kama msimbo wowote, mpangilio wa hatua ni muhimu. Mara ya kwanza nilitia barafu kwanza, kisha asali. Asali ikiguswa na baridi hukazana, ikaganda chini kama gundi, na nikanywa vodka ya ndimu isiyo na utamu hata kidogo. Anza hivi: kata ndimu moja vipande vinne, utie kwenye glasi nzito na kijiko kidogo cha sukari, uponde. Ponda kwa upole, maji yatoke tu. Ukiisaga ndimu kama unatwanga kitunguu saumu, ganda litatoa uchungu. Mimina vodka vijiko vitatu vya mezani. Funga barafu kwenye kitambaa safi, ipige kwa mchi, ujaze glasi. Mwisho chovya kijiti kwenye asali, kizungushe mpaka kishike, kisha koroga. Unayependa tamu unaendelea kukoroga, asiyependa anaacha. Kijiti changu ni mpini wa mwiko uliovunjika. Unafanya kazi vizuri tu.

Basi Ijumaa ile ndimu nilikuwa nazo, asali ipo, na stima haikuwa imepotea kwa hiyo barafu ilikuwa imeshika. Vodka nilinunua jioni nikirudi, kwenye duka moja njiani. Ilikuwa chini ya bei niliyozoea kwa shilingi karibu mia tatu, nikajiona mjanja.

Mjomba alikuwa sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Hunywi pombe naye. Yeye ni wa tangawizi ya moto. Alisikia chupa ikigusa meza.

"Umenunua wapi?"

"Njiani tu, Anko. Walikuwa na bei nzuri."

"Bei nzuri," akarudia. "Umeisoma?"

Niwaeleze. Mwezi Novemba 2000, kule Mukuru, si mbali na hapa, zaidi ya watu mia moja walikufa baada ya kunywa kumi kumi iliyochanganywa na methanoli. Jina lilitokana na bei, shilingi kumi kwa glasi. Wengine walipona lakini wakapoteza macho. Mjomba alikuwa kibarua Industrial Area wakati huo. Alikunywa glasi moja akitoka kazini, akalala, na kesho yake mchana akauliza kwa nini taa hazijawashwa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Sijawahi kumjua akiwa anaona.

Methanoli ni binamu mbaya wa ethanoli, ile pombe ya kawaida. Ulimi hauwezi kuzitofautisha, na ndimu wala asali haviiondoi. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa macho. Tena haifanyi haraka: mtu anaweza kukaa saa kumi na mbili au hata siku nzima akidhani ni uchovu wa kawaida wa kulewa. Akianza kuona ukungu, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, wala si ya kulala ipungue.

KRA wana programu ya simu inayoitwa Soma Label. Unaielekeza kwenye stempu ya ushuru iliyo kwenye chupa, inakuambia ni ya bidhaa gani. Nilikuwa nayo kwenye simu, nimeipakua kwa udadisi wa kikazi, sijawahi kuitumia kwa chupa yangu mwenyewe. Nikaipiga stempu huku wenzangu wakicheka. Jina lililotokea halikuwa la vodka ile. Halikuwa la vodka yoyote.

Nilimwaga yote kwenye sinki. Labda ilikuwa salama, sitajua. Wenzangu walikunywa ndimu na asali ya moto pamoja na mjomba, na mmoja akalalamika usiku kucha kuhusu hela.

Kama mtu wa programu naona pia udhaifu wake. Stempu inathibitisha karatasi, haithibitishi maji yaliyo ndani. Chupa halali inaweza kujazwa upya. Kwa hiyo nami naangalia kifuniko, kama mkanda wake umekatika, na sinunui tena ya bei ya kushangaza. Bado hiyo si kinga kamili, na hitilafu hii sijui dawa yake.

Ijumaa iliyofuata nilinunua nyingine dukani kwingine, nikaja nayo ikiwa imefungwa. Mjomba akaniambia nipige stempu mbele yake nimsomee. Nikasoma jina la bidhaa na la mtengenezaji. Akaomba nirudie polepole, akapapasa kifuniko kwa kidole gumba kukizunguka chote, kisha akanirudishia chupa na kuuliza tangawizi yake iko wapi.

Mfumo wa stoo, wiki ijayo.