Mfuko Ndani ya Mkoba

Fungua mkoba wa mtu anayetoka kazini London jioni: kadi, chaja, mwavuli mdogo, chupa ya maji, na chini kabisa mfuko wa kitambaa uliokunjwa ukawa kama leso. Fungua wa mwenzake anayegombea daladala Kariakoo: simu, chenji ya nauli, kitambulisho, kitambaa cha jasho, pengine na khanga. Mfuko wa sokoni mara nyingi haumo. Naudaia nafasi humo, kwa sababu sheria zetu za plastiki, kali kuliko za Uingereza, hazijafika mkobani.

Rwanda ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki 2008. Kenya ikafuata Agosti 2017, kwa adhabu inayofika hadi kifungo cha miaka 4, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mifuko ya plastiki tuliyoiita rambo na malboro ikatoweka madukani. England ilipita njia nyingine: Oktoba 2015 ilianza kutoza peni 5 kwa mfuko mmoja katika maduka makubwa, na Mei 2021 ikapandisha hadi peni 10 na kuyaingiza maduka yote. Fedha hiyo ni ndogo, lakini mnunuzi huulizwa kaunta kama anataka mfuko, na swali hilo ndilo linalomkumbusha kubeba wake kesho. Kwetu mchuuzi haulizi. Anakung'uta mfuko mbadala, unalipa mia mbili au mia tano, na ukifika nyumbani unausokomeza nyuma ya mlango wa jiko pamoja na wenzake. Tena ule mfuko laini unaodhaniwa kitambaa kwa kawaida ni polipropilini, nayo ni plastiki iliyofanywa nyuzi. Tukinunua mpya kila siku, tumeibadilisha taka sura tu.

Mtu ataniambia kwamba hata huko London makabati yamejaa mifuko iliyonunuliwa ikasahauliwa. Ni kweli, na kosa lao ni lilelile: mfuko ulioachwa nyumbani haubebi kitu. Hoja nzito zaidi ni kwamba manunuzi yetu hayana ratiba. Unashuka kituoni, unakuta fungu la nyanya zilizoiva vizuri, pembeni mchicha ungali unachuruzika maji, na hukutoka nyumbani kwa nia ya kwenda sokoni. Lakini mtu huyo hasa ndiye anayeuhitaji. Anayekwenda dukani Jumamosi na orodha yake anaweza kujiandaa asubuhi. Wa mchicha wa njiani hana asubuhi nyingine. Kikapu cha ukili, kizuri kama kilivyo, hakikunjiki kikaingia mkobani. Kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani kinakunjika: pindo, vishikio viwili, na kikilowa maji ya mchicha kinafuliwa na kuanikwa. Samaki abaki na kopo lake lenye mfuniko. Na kwa mwanamume asiyebeba mkoba, mfuko huo ukikunjwa mara nne unaingia mfuko wa nyuma wa suruali, kando ya pochi.