Laki Sita na Ishirini

Fundi alilala chini ya gari kama dakika 10, akatoka akijifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe. "Mwalimu, huku chini pamekwisha." Akataja: bolijointi mbili za mbele, bushi, shokapu zote nne. Shilingi 620,000 pamoja na ufundi.

Mimi nilikuwa nimepeleka mlio tu. Kila nikipita tuta kuna kitu kinagonga, ngo, ngo, sijui mbele au nyuma.

Nyie mnaosoma hadithi mnaijua hali hii: msimulizi humwamini sana, lakini kisa anakijua yeye peke yake. Kusahihisha insha naweza. Chini ya gari sijui kitu. Na gari lenyewe ni Toyota IST ya mwaka 2004, wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawajazaliwa bado.

Nikamwambia, "Nionyeshe." Sidhani alifurahi. Akabonyeza kona ya mbele kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likadunda mara tatu, nne, kama godoro la springi. Shokapu nzima, akasema, inapanda mara moja na kutulia. Halafu akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. "Shika mwenyewe." Nikashika. Likacheza mikononi mwangu. Nikanyamaza.

Shokapu mbovu inakurusha, inakula matairi, na gari linachelewa kusimama. Bolijointi ikichomoka, tairi linalala na usukani hauna kazi tena. Wiki mbili mbele nilikuwa nampeleka mama Iringa, karibu kilomita 500, na njiani kuna Kitonga: mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, malori mbele. Shoga yangu alinishangaa, yaani laki sita kwenye gari ambalo ukiuza hupati hata milioni nane? Hesabu nzuri, ila mama hakuwemo.

Sikufanya vyote. Nilichagua bolijointi na bushi, mpya, siyo mtumba wa Gerezani, kwa 240,000. Shokapu zisubiri mshahara. Fundi akatikisa kichwa. "Unafanya nusunusu, mwalimu." Pengine alikuwa sahihi. Nikaomba bolijointi za zamani niondoke nazo. Zipo mezani kwangu hadi leo, ukizitikisa, zinacheza.

Safari ikaanza, na mlio ukawa pale pale. Chalinze, ngo. Morogoro, ngo. Nilimtukana fundi moyoni njia nzima, na mbugani matuta ni mengi.

Mikumi tuliposimama kula, mama akafungua buti kutafuta kanga yake. Akaita, "Mwanangu, siyo hii?" Jeki ilikuwa imelegea mahali pake, inajigongea kwenye bodi. Akaishindilia kwa kanga, akafunga buti.

Tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya lori la saruji, gari likidundadunda, bila mlio.