Gesi ya maji si ya kuweka kwenye chupa

Mafundi vijana wa kuchomelea hapa kijijini wameniuliza kama wanaweza kutengeneza gesi yao kwa maji na betri ya gari. Inawezekana: umeme hutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Nimewasihi wasijaribu. Gesi hizo zikichanganyika hazihitaji hewa ya nje. Cheche moja inatosha kulipua. Moto hurudi kupitia mpira hadi kwenye chombo. Haidrojeni haina harufu, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Ukitia chumvi ya kupikia, unapata pia klorini, ambayo ni sumu.

Nanyi wenye maduka ya kuchaji betri za gari, nazo hutoa haidrojeni. Fungueni madirisha. Sigara na jiko vibaki nje. Macho na vidole havina duka la vipuri.