Mashine ya baba yapata ubongo, mama ataka kitufe chekundu

Familia hii ya Morogoro imeishi miaka mingi na mashine ya kukereza chuma, kwenye banda lililoegemea ukuta wa jikoni. Ndiyo iliyolipa ada za watoto watatu. Mama akisikia mlio wake asubuhi, anajua kazi imepatikana.

Lakini mwaka jana mashine hiyo hiyo iliwakosesha usingizi, baada ya mjukuu wa miaka minne kunaswa kanga kwenye gia.

Ubavuni mwa mashine kuna gia ambazo fundi huzipanga upya kila anapotaka kuchonga bolti yenye nyuzi za ukubwa tofauti. Kufungua na kufunga kifuniko chake kila mara ni usumbufu, hivyo baba alikwisha kukiweka pembeni. Siku hiyo mtoto aliingia bandani akimfukuza kifaranga, amejitanda kanga ya bibi yake. Gia zikala pindo. Baba alizima, lakini mashine haisimami papo hapo. Kilichomwokoa mtoto ni uchakavu wa kanga: ilichanika. Alitoka na mchubuko shingoni.

Usiku mama hakupaza sauti. "Mzee, ama hiyo mashine itoke, ama mimi na mjukuu wangu tutoke."

Baba hakujibu. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye lile banda.

Aliyevunja ukimya ni binti yao wa mwisho, aliyehitimu masuala ya elektroniki katika chuo cha ufundi. "Baba, mashine haina kosa. Hizo gia ndizo tatizo. Tuzitoe."

Baba alicheka, ila si kwa furaha. Mpangilio wa gia zile alikuwa nao kichwani tangu akiwa kijana anayejifunza kazi. Kuambiwa zitoke ilikuwa kama kuambiwa yeye atoke.

Binti hakubishana. Alimwonyesha kwa hesabu. Skrubu ndefu inayosukuma kisu cha mashine yao husogeza kisu milimita 6 kwa kila mzunguko. Ukitaka nyuzi za milimita 1.5, chuma kikizunguka mara moja, skrubu izunguke robo tu. Kazi ya gia ni kulinda uwiano huo. Sasa kifaa kidogo kiitwacho enkoda kinaweza kuhesabu mizunguko ya chuma, kompyuta ndogo ikapiga hesabu, kisha mota ndogo ikazungusha skrubu kwa kiasi kinachotakiwa. Fundi anabonyeza namba tu.

"Na nyuzi za inchi?" baba aliuliza. Hapo ndipo alipokuwa akipoteza wateja wa mabomba. Bomba la nusu inchi lina nyuzi 14 kwa kila inchi, na mashine ya milimita huhitaji gia ya meno 127 ili kuzichonga kwa usahihi. Hakuwa nayo.

"Nazo ni namba tu, baba."

Walifanya kazi jioni, baada ya chakula. Jaribio la kwanza liliharibika: nyuzi zilianza vizuri, katikati zikavurugika. Binti alikagua nyaya na programu siku mbili bila kuona kosa. Baba aliomba awashe tena, akafumba macho, akasikiliza. "Mota inalemewa. Inaruka." Alilegeza kidogo njia ya kisu iliyokuwa imebana mno, akaipaka mafuta. Nyuzi zikatoka safi. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, walicheka pamoja.

Mama alikuja kuangalia, mikono kiunoni. Hakuuliza habari za nyuzi. "Umeme ukikatika, halafu ukarudi mtoto yuko humu, hii itajiwasha yenyewe?"

Binti alimtazama baba. Baba alitazama sakafu. Hilo hawakulifikiria.

Kazi ikasimama wiki nyingine. Walifunga swichi ambayo umeme ukikatika inajiachia, na haiwashi mpaka mtu abonyeze tena. Wakaweka kitufe kikubwa chekundu kinachozima mota zote mbili, ile kubwa na hii ndogo. Kisanduku cha elektroniki kilifungwa kabisa, maana chembe za chuma zikiingia huweza kuunganisha umeme mahali pasipotakiwa. Ubavuni, pale palipokuwa na gia, kifuniko kilirudi na kufungwa kwa bolti. Hakuna tena sababu ya kukifungua kila siku.

Mama alijaribu mwenyewe. Alizima swichi kuu ya nyumba, akaiwasha. Mashine ikanyamaza. Akarudia mara tatu.

Kwa mzazi mwenye mashine nyumbani, somo ni kwamba elektroniki haiondoi hatari, inaihamisha. Zamani fundi aliona gia zikizunguka. Sasa kisu kinaweza kusogea kwa amri ya namba iliyobonyezwa kimakosa. Taya zinazobana chuma bado zinazunguka, na bado hunasa kanga, mikono mirefu, glovu na nywele. Miwani ya kujikinga bado ni lazima. Chembe ikiingia jichoni, usisugue wala usiichokoe. Mpeleke mtu kituo cha afya. Na hakuna kifaa kinachoshinda mlango wenye komeo lililo juu ya kimo cha mtoto.

Banda lao sasa lina komeo hilo. Mjukuu husimama nje ya mlango na kuuliza, "Babu, imelala?"

Babu hubonyeza kitufe chekundu, husubiri taya zisimame kabisa, ndipo hujibu: "Imelala. Njoo."