Ampea 40 au 60? Mashine ya mtoto wa ami

Jamani, nimeadimika kidogo hapa. Kazi za gazeti zimenibana, na mhariri wangu anadhani siku ina saa 30. Nimerudi, lakini leo sitaki siasa. Leo nataka tuzungumze habari ya mashine ya kukatia chuma. Msinicheke, soma kwanza.

Nina mtoto wa ami yangu, mkubwa kwangu, fundi wa kuchomea huko Fuoni. Mageti, grili za madirisha, ngazi, vitanda vya chuma, vyote anatengeneza. Karakana yake ni banda la bati nyuma ya nyumba ya wazazi. Siku zote anakata kwa grenda, na umeme ukienda anakata kwa msumeno wa mkono huku akiimba taarabu.

Sasa ameanza kupata kazi za hoteli za huko Paje na Nungwi. Wenye hoteli wamechoka na chuma cha kawaida. Upepo wa bahari unakila, mwaka mmoja tu geti limetoboka. Wanataka aluminiamu, na ile stenlesi isiyoshika kutu. Hapo gesi haimsaidii, kwa sababu oksijeni inakata chuma kwa kukiunguza chenyewe, na hizo mbili haziungui namna hiyo. Grenda inakata, lakini taratibu, na mawe yake yanakwisha kama karanga.

Plasma ni kitu kingine. Hewa iliyobanwa inapitishwa umeme mkali mpaka inageuka mwale wenye joto la nyuzi zaidi ya 20,000, halafu inatolewa kwenye tundu dogo kuliko tundu la sindano ya cherehani kubwa. Chochote kinachopitisha umeme kinayeyuka na kupeperushwa. Si uvumbuzi wa jana: Mmarekani Robert Gage alipata hataza yake mwaka 1957. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mashine imekuwa ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja, na bei yake fundi wa Fuoni anaweza kuifikiria.

Na pesa ipo. Mama yake amepokea upatu. Zamu yake haitarudi hivi karibuni, na yeye ndiye aliyesema, "Chukua, kanunue hiyo mashine yako." Basi mnaelewa kwamba hapa hakuna nafasi ya kununua mara mbili.

Akanijia ofisini, Mji Mkongwe, na picha tatu kwenye simu. Ampea 40, ampea 60, ampea 100.

"Mwandishi, wewe umesoma. Hii ya 60 imeizidi ya 40 bei kidogo tu. Si bora nichukue kubwa? Kubwa inakata kubwa na inakata ndogo."

Mimi nimesomea uandishi wa habari, si umeme. Lakini kazi yetu ni kuuliza, basi nikauliza. Nimesoma vitabu vya maelekezo vya mashine hizi jioni mbili nzima, nikamsumbua na fundi umeme mmoja wa mtaani kwetu. Nilichokipata ni kwamba swali la kaka lilianzia mwisho. Alianza na unene wa chuma, wakati swali la kwanza liko ukutani kwao, kwenye mita ya Tukuza.

Zile ampea 40 zilizoandikwa kwenye boksi ni za kwenye mwale. Si zile zinazovutwa ukutani. Mwale wa ampea 40 unafanya kazi kwenye volti kama 96, kwa hiyo ni wati 3,800 na ushei. Mashine nayo inapoteza kiasi njiani, tuseme inavuta wati 4,500. Kwa volti 230 hizo ni kama ampea 20, na mashine za bei nafuu huvuta zaidi ya hapo. Ya 60 kwa hesabu hiyo hiyo inapita 30. Ya 100 sahau, hiyo inataka fezi tatu, na nyumba ya ami ina fezi moja.

Breka kuu ya nyumba yao imeandikwa 32. Nilikwenda mwenyewe nikaiona.

Subirini, haijaisha. Plasma haikati bila hewa, kwa hiyo kuna kompresa. Ya nguvu farasi mbili inakula ampea nyingine saba hivi, na pale inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo. Kuna friji ya mama. Kuna pampu ya maji. Halafu jioni mtaa mzima ukiwasha feni, hizo volti 230 mnazijua wenyewe zinavyokuwa. Zikishuka hadi 190, mashine haipunguzi kazi, inavuta zaidi ili ipate wati zile zile: kutoka 20 inakwenda 24. Yaani umeme unapokuwa dhaifu ndipo mashine inapokuwa na njaa. Kwenye ile ya 60, breka ingekuwa inaruka kila baada ya dakika chache, na chakula cha mama kwenye friji kingekuwa mashakani.

Nikamuuliza: kaka, chuma kinene kabisa ulichokata mwaka huu ni kipi? Akafikiri. Sahani za kukalia nguzo, milimita 10, mara mbili tu. Vingine vyote ni mabomba ya pembe nne ya milimita moja na nusu au mbili, shiti za mageti, flati za milimita 5. Mashine ya ampea 40 inamaliza milimita 10 bila taabu ikiwa ni nzima. Mabomba yale unayakata kwa ampea 25 au 30, na hapo ukutani unavuta kama 14 tu.

Ila angalieni namba za kwenye boksi. Ule unene mkubwa wanaouandika mara nyingi ni ule ambao mashine inaweza kuutenganisha kwa kujikokota, kingo zote zimechafuka. Na ukitaka kutoboa katikati ya shiti badala ya kuanzia ukingoni, hesabu nusu yake. Angalieni pia ile asilimia. Ikiandikwa 60 kwa mia maana yake katika dakika 10 unakata sita na kupumzisha nne. Nimeona ya ampea 60 yenye asilimia 20! Dakika mbili kazi, nane umekaa unaitazama. Na vipimo hivyo hufanywa kwenye joto la nyuzi 40. Nani amewahi kuingia banda la bati la Fuoni saa nane mchana wakati wa kaskazi? Mimi nimeingia.

Kwa hiyo nikamwambia achukue ya 40, na tofauti ya bei aitie kwenye kompresa yenye tangi kubwa na kichujio cha maji. Hapo tukabishana kweli. Kwake yeye kompresa ni pampu tu. Lakini mashine ya ukubwa huo inataka lita 150 hadi 200 za hewa kila dakika, na kompresa ndogo za kujazia matairi hazifiki. Halafu hewa yetu ya kisiwani ina maji. Maji yakiingia kwenye mwale yanaitafuna ile pua na elektrodi yake. Hizo ndizo zinazokwisha, kama mawe ya grenda. Kabla ya kulipa, muuza duka akuoneshe pua za akiba ziko wapi. Akisema "tutaagiza", ondoka.

"Na umeme ukikatika?" akaniuliza.

Swali la Mzanzibari hilo. Tulikuwa wadogo Mei 2008 waya wa chini ya bahari ulipotuacha gizani karibu mwezi mzima, halafu tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ule waya wa 1980 ulikuwa wa megawati 45, na tangu 2013 tuna mwingine wa megawati 100, lakini aliyebeba ndoo za maji miezi ile hasahau. Jenereta ya kuiendesha ya 40 pamoja na kompresa inataka kVA 8 au zaidi. Hiyo hana, na upatu hautoshi. Nikamwambia asiutupe msumeno.

Nilimwomba jambo jingine moja, asikate mabomba yenye zinki ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake unaleta homa, na wa stenlesi ni mbaya zaidi. Akanijibu kwamba banda lake halijawahi kuwa na mlango.

Mashine imefika juzi kwa boti, ya ampea 40. Mama aliniuliza swali moja tu: itapiga kelele kuliko grenda? Nikamwambia mashine yenyewe si sana, kompresa ndiyo. Sasa kompresa inajengewa kibanda chake nyuma kabisa, kwenye migomba, na mpira wa hewa wa mita 15 tunautafuta. Anayejua duka Darajani au Mwanakwerekwe aniambie.